Washikadau wa biashara na maslahi yao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia mara nyingi. Mengine yametoka kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma Masomo ya Biashara, mengine kwa vijana wanaosajili kampuni yao ya kwanza, na mengi zaidi kwa wafanyabiashara wadogo wa Eastlands, Nairobi, ambao nimekuwa nikiwapangia vitabu vya hesabu. Mfano ninaorudia ni wa bekari ndogo ya kubuni pale Kariobangi, yenye tanuri moja, wafanyakazi 8 na pikipiki ya kufikisha mikate madukani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Jibu linapotegemea jingine nimetaja nambari ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mshikadau ni nani hasa?

Ni mtu au kikundi chochote kinachoguswa na yale biashara inayofanya, au chenye uwezo wa kuigusa biashara hiyo. Aliyelipatia wazo hili umbo tunalolijua leo ni profesa Mmarekani, R. Edward Freeman, mwaka 1984, na maelezo yake yana pande mbili: anayeathiriwa na anayeathiri. Wengi hukariri upande mmoja tu.

Neno lenyewe linatusaidia. Dau ni kile unachoweka mezani mchezo unapoanza, na ukishindwa hakirudi mfukoni. Kwa hiyo usijiulize nani "anahusika" na biashara yako, maana hapa Nairobi kila mtu atakwambia anahusika. Jiulize hivi: mlango wa bekari usipofunguliwa Jumatatu, nani atapoteza kitu? Mwokaji atapoteza mshahara. Mwenye duka wa Dandora atafungua bila mkate, na wateja wake watavuka barabara kwa jirani. Mwuza unga atabaki na ankara isiyolipwa. Mwenye jengo atakosa kodi, kaunti itakosa ada ya leseni. Na yule mama anayewauzia wafanyakazi chai na githeri pale nje atapoteza wateja 8 wa kila siku. Wote hao wameweka dau, hata wale ambao hawajawahi kutia sahihi karatasi yoyote.

Wengine husema "wadau". Maana ni ile ile.

2. Mwenyehisa na mshikadau ni kitu kimoja?

Hapana. Kila mwenyehisa ni mshikadau, lakini washikadau wengi hawana hisa hata moja. Mwenyehisa anamiliki sehemu ya kampuni. Mfanyakazi, mteja na jirani hawamiliki chochote, ila maisha yao yamefungamana nayo.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida bila kuvunja kanuni za mchezo, na kwamba meneja anayetumia fedha za kampuni kwa mambo mengine anatumia fedha za watu. Hoja ya Freeman ilikuja kupingana na mtazamo huo. Binafsi naona Friedman ana haki katika jambo moja: meneja hapaswi kugeuza fedha za wenyewe kuwa sadaka zake. Lakini bekari isiyomlipa mwuza unga haikosi ukarimu. Imebaki na pesa ya mtu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

3. Washikadau wa ndani na wa nje hutofautishwaje?

Wa ndani wako ndani ya biashara yenyewe: wamiliki, mameneja, wafanyakazi. Wa nje ni wateja, wasambazaji, benki, serikali, majirani na wengineo. Kwa mtihani, hiyo inatosha. Kazini mpaka huo si imara sana. Mwendesha pikipiki anayepeleka mikate na kulipwa kwa kreti yuko ndani au nje? Tazama swali la 17.

4. "Maslahi" maana yake ni pesa tu?

Pesa ndiyo inayoonekana upesi, ila si yote. Maslahi ni kile ambacho mshikadau anataka kipatikane au kisipotee: usalama, muda, heshima, usingizi, hewa safi, uhakika wa kesho. Nimewaona wafanyakazi wakihama kazi yenye mshahara mkubwa kwenda penye mdogo, kwa sababu kule kwa kwanza hawakujua hata mara moja wangelipwa tarehe ngapi.

## Nani anataka nini

5. Mwenye biashara anataka nini zaidi ya faida?

Anataka faida, ndiyo, lakini muulize ni ya lini. Mmoja anataka gawio mwezi huu alipe karo. Mwingine yuko radhi kungoja miaka mitano ili biashara ikue. Wawili wa aina hiyo wakishirikiana bila kuelezana, ugomvi utakuja tu. Mizozo mingi ya washirika ambayo nimeikuta vitabuni haikuanza na wizi. Ilianza na watu wawili wema waliokuwa na kalenda tofauti.

Halafu kuna udhibiti. Mwenye biashara huogopa kupoteza sauti katika kitu alichokianzisha kwa jasho lake. Ndiyo maana wengine hukataa mtaji wa mgeni hata pale wanapouhitaji sana.

6. Wafanyakazi wana maslahi gani, na sheria inawalinda kiasi gani?

Wanataka mshahara unaotosha na unaofika kwa wakati, mahali salama pa kazi, na kutendewa kama watu. Pale bekarini usalama ni jambo la kila usiku: tanuri, vumbi la unga kifuani, na safari ya kurudi nyumbani saa tisa usiku.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Akipunguzwa kazini kwa kuwa nafasi yake imeondolewa, anastahili ilani ya mwezi mmoja na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mwajiri pia anatakiwa kumjulisha afisa wa leba. Kuna na makato: mfuko wa pensheni wa NSSF, bima ya afya ya jamii ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara tangu Oktoba 2024, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo mwajiri naye huongezea asilimia 1.5 yake. Mwajiri anayekata fedha hizo bila kuzifikisha anamdhuru mfanyakazi mahali asipoona, na mfanyakazi hugundua siku akiwa kitandani hospitalini.

Kuna jambo moja lisilogharimu chochote ambalo wafanyakazi huliomba kuliko nyongeza ya mshahara: kuambiwa mapema. Oda zikipungua, waambie. Watapata habari tu, na ni afadhali waipate kwako kuliko kwa bawabu.

7. Kwa nini wasambazaji hulalamika sana?

Kwa sababu wao ndio wanaoikopesha biashara bila kuitwa wakopeshaji. Saplaya akileta unga leo na kulipwa baada ya siku 90, amekuwa benki isiyotoza riba na isiyoshika dhamana. Anachotaka ni oda za kutegemewa, bei isiyomkaba na, zaidi ya yote, tarehe ya malipo inayoheshimiwa.

Haya nayajua kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilifuga kuku, nikawa napeleka mayai kwenye supamaketi moja hapa jijini. Tulikubaliana siku 30. Zikawa 60, zikawa 90. Nikipiga simu naambiwa hundi iko kwa mkurugenzi inangoja sahihi. Niliendelea kupeleka trei, maana kukoma kungekuwa kuzika hata zile za kwanza. Mwishowe nilikopa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ninunue chakula cha kuku ili nimlishe mtu asiyenilipa. Duka lile lilifungwa, na mimi nikauza kuku.

Wakenya wengi wanakumbuka Nakumatt. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Rafu zilianza kubaki tupu wasambazaji walipokoma kuleta bidhaa. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe kabisa, ikiwa na deni la zaidi ya shilingi bilioni 30. Wateja waliona rafu tupu wakadhani hilo ndilo tatizo. Tatizo lilikuwa limeanza zamani, kwenye mafaili ya ankara za watu waliokuwa wakiuza maziwa, mboga na sabuni.

Sheria imesogea tangu wakati huo. Mabadiliko ya Sheria ya Ushindani yanahesabu ucheleweshaji wa malipo bila sababu ya haki kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, na msambazaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kinachowazuia wengi ni hofu ya kunyimwa oda. Hofu hiyo ina msingi, na mnunuzi mkubwa anaijua. Kuhusu nafasi ya msambazaji biashara ikifilisika, soma swali la 15.

8. Wateja wanataka bei nafuu tu?

La. Wanataka bei wanayoimudu, ubora usiobadilika, kipimo cha haki na mahali pa kulalamika. Mkate wa gramu 400 uwe na gramu 400. Nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ipo kwa ajili ya hilo, na mteja akiikuta bandia mara moja, hamwamini tena mwuzaji hata bidhaa ikiwa njema.

Kumbuka bekari ina wateja wa aina mbili. Mwenye duka anataka mkate ufike mapema na ule usiouzika urudishwe. Mtoto anayeula asubuhi anataka uwe laini. Ukimsikiliza mwenye duka peke yake utaweka dawa nyingi ili mkate ukae siku sita, na mlaji atakuwa wa kwanza kukuacha.

9. Mwenye jengo ana maslahi gani?

Kodi ifike, jengo lisiharibiwe, na mpangaji asimletee kesi na majirani. Wapangaji wengi wa biashara hawajui kwamba wana ulinzi. Kama mkataba wa duka, hoteli au mkahawa haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, kwa kawaida upangaji huo unalindwa na sheria, Sura ya 301. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi au kukutoa bila ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na una haki ya kuipinga mbele ya jopo linaloamua mizozo ya kodi za majengo ya biashara. Keateka, yaani mtunza jengo, akija kukupigia kufuli Ijumaa jioni, huo si utaratibu wa sheria.

10. Benki, Sacco na chama wanatafuta nini kwangu?

Mkopo urudi na riba yake, kwa tarehe zilizoandikwa. Benki hutazama dhamana na mtiririko wa fedha. Sacco hutazama akiba na wadhamini wako, kwa hiyo ukikwama unaowaumiza kwanza ni wenzako waliokuwekea sahihi. Chama cha mtaani hutazama uso wako. Ukimwambia mkopeshaji mwezi mmoja kabla ya kukwama, mara nyingi atapanga nawe upya. Ukimkimbia, ataanza kutafuta mnunuzi wa tanuri lako.

11. Serikali ni mshikadau mmoja?

Ndiyo kwenye kitabu cha shule. Mlangoni pa bekari, serikali ni mikono mingi isiyosalimiana.

KRA, mamlaka ya ushuru, inataka ushuru kwa wakati: makato ya ushuru wa mishahara yafike kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na VAT ya asilimia 16, kwa waliosajiliwa, kufikia tarehe 20. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka inaweza kuwa chini ya ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Kaunti ya Nairobi inataka leseni ya biashara, na watu wake wa afya wanataka kuona vyeti vya wanaoshika chakula. KEBS inatazama ubora, NEMA, mamlaka ya mazingira, inatazama moshi, kelele na taka, na afisa wa leba anatazama mikataba ya kazi.

Maslahi ya serikali si ushuru pekee. Serikali inataka ajira, afya ya walaji na mji unaopumua, na kwa ajili hiyo inaweza kubadilisha biashara yako kwa tangazo moja. Agosti 28, 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza, adhabu ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Waliokuwa na maghala ya mifuko walipata hasara. Kesho yake washonaji wa mifuko ya kitambaa walianza kupata wateja.

Na kanjo, yaani askari wa kaunti? Anayekuja na risiti rasmi ni serikali. Anayetaka kitu kidogo hana dau halali katika biashara yako, hata akija na sare. Uwezo wa kukuumiza anao, lakini uwezo si haki. Tofauti hiyo imeelezwa katika swali la 14.

12. Majirani na mto unaopita nyuma ya karakana ni washikadau pia?

Majirani ndiyo, bila shaka. Wanataka kulala, kupumua na kupita barabarani bila kuzuiwa na lori linaloshusha unga. Mto hauwezi kusema, ila Katiba imeusemea. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Maana yake ni kwamba mtu wa Korogocho, au hata wa Karen, anaweza kukushtaki kwa unachomwaga Mto Nairobi.

Usidhani ni maneno ya kwenye karatasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishtaki juu ya sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufaa miaka mingine kadhaa. Watoto waliokunywa sumu ile hawakuwa kwenye orodha ya washikadau ya mtu yeyote kiwanda kilipofunguliwa, na hilo ndilo linalonifanya nisiridhike na orodha zinazoandikwa ofisini bila mtu kutoka nje ya lango.

## Maslahi yanapogongana

13. Nani atangulie?

Hakuna jibu moja la kila siku, lakini kuna njia ya kulitafuta. Tazama matatu, biashara ambayo kila mkazi wa Nairobi ameiona kwa karibu. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku ifike jioni, maana benki inangoja. Dereva na makanga wanaishi kwa kinachobaki baada ya hesabu hiyo. Sacco ya wenye matatu inataka foleni ya steji iheshimiwe. Abiria anataka afike salama bila nauli kupanda mvua inaponyesha. Wachuuzi wa steji wanataka gari lisimame muda mrefu, askari wa trafiki anataka liondoke.

Hesabu ikiwa kubwa kupita kiasi, dereva hukimbiza gari na makanga hujaza. Si lazima wawe watu wabaya. Maslahi ya mmoja yamepangwa yalipwe kwa usalama wa mwingine. Februari 2004, serikali ilipoanza kutekeleza kanuni zilizobandikwa jina la waziri John Michuki, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama vililetwa kumlinda abiria, ambaye peke yake hakuwa na nguvu ya kumwambia dereva apunguze. Wenye magari walilalamika juu ya gharama, na gharama zilikuwepo kweli. Lakini hasara ya mwenye gari hurudishika. Ya abiria aliyekatika mguu hairudishiki.

Hicho ndicho kipimo ninachotumia: anayeweza kupoteza kisichorudi hutangulia, kisha yule ambaye hasara yake itammaliza, ndipo wale watakaoumia na kupona. Si sheria. Ni namna ya kupanga mazungumzo.

14. Kila mshikadau apewe uzito sawa?

Haiwezekani, na anayeahidi hivyo atamsahau mmoja kimyakimya. Watafiti Mitchell, Agle na Wood walipendekeza mwaka 1997 kutazama mambo matatu: nguvu, uhalali na udharura. Mwenye nguvu anaweza kukulazimisha. Mwenye uhalali anadai kilicho haki yake. Mwenye udharura hawezi kungoja.

Faida ya mpango huo ni kuonyesha pale mambo hayo yanapoachana. Anayedai hongo ana nguvu na haraka, hana uhalali. Mwuza mayai niliyekuwa mimi nilikuwa na uhalali na udharura, sina nguvu. Watu wa kundi hili la pili ndio wanaopuuzwa kila siku, kwa kuwa kuwapuuza hakuleti kelele leo. Ukikaa kupanga, anza nao.

15. Biashara ikifilisika, nani hulipwa kwanza?

Kwa kampuni, Sheria ya Ufilisi ya 2015 imepanga foleni. Mkopeshaji aliyeshika dhamana mahususi, kama hati ya kiwanja au lori, hujilipa kutoka kwenye mali hiyo. Katika mali nyingine, gharama za mfilisi hutoka kwanza. Wafuatao ni wafanyakazi, kwa mishahara ya miezi minne kabla ya ufilisi na kwa kiwango cha juu cha shilingi 200,000 kila mmoja, kisha baadhi ya madai ya ushuru. Wadai wasio na dhamana, ambako wasambazaji wengi wamo, wako nyuma sana. Wenyehisa ni wa mwisho.

Ukipeleka mzigo kwa mkopo, jua umesimama wapi kwenye foleni hiyo kabla lori halijaondoka. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mfilisi hulipa kwa kilichopo.

16. Je, sheria inamlazimu mkurugenzi awajali wote hawa?

Kwa kiasi. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi aendeshe kampuni kwa mafanikio yake na kwa faida ya wanachama, yaani wenyehisa. Katika kufanya hivyo anapaswa kuzingatia matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wasambazaji na wateja, athari kwa jamii na mazingira, na sifa njema ya kampuni. Kuzingatia si sawa na kutii. Mfanyakazi hawezi kusimama mahakamani na kifungu hicho peke yake akadai nyongeza. Lakini mkurugenzi ambaye hakufikiria kabisa kiwanda kitamwaga wapi maji machafu ana swali la kujibu, na kumbukumbu za mkutano wa bodi zitaonyesha kama alifikiria.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mtu asiye na mkataba wowote ni mshikadau?

Ni mshikadau. Msukuma mkokoteni wa Marikiti, kijana wa bodaboda anayelipwa kwa safari, mama wa chai aliyetajwa katika swali la 1: wote riziki yao inapanda na kushuka na biashara ambayo haijui majina yao. Tahadhari na anayejiita "mshirika" wako ilhali unampangia saa, bei na njia. Mahakama inaweza kutazama uhusiano ulivyo hasa badala ya jina lililoandikwa juu ya karatasi, na ikamwona mfanyakazi mwenye haki zote za swali la 6.

18. Itakuwaje mtu mmoja akiwa na kofia mbili?

Hutokea kila mara. Shemeji yako ni mwenyehisa na pia ndiye anayekuletea unga. Kama mwenyehisa anataka unga wa bei ya chini, kama mwuzaji anataka ya juu. Aseme wazi ana maslahi gani, kisha atoke chumbani bei inapojadiliwa. Mkurugenzi wa kampuni anawajibika kisheria kutangaza maslahi ya namna hiyo.

Serikali nayo huvaa kofia nyingi. Mwaka 2008 iliuza robo ya Safaricom kwa umma kwa shilingi 5 kila hisa, ikabaki na asilimia 35. Kwa hiyo ilikuwa inapokea gawio, inatoza ushuru, na kupitia Mamlaka ya Mawasiliano inasimamia soko zima, washindani wa kampuni hiyo wakiwemo. Mshindani mdogo akihoji kama refa ana timu, hoja yake ni halali hata pale refa anapochezesha kwa haki.

19. Mshindani wangu anaingiaje hapa?

Anaguswa na bei zako, nawe unaguswa na zake. Mnashirikiana mtaa, umeme unaopotea pamoja na barabara mbovu. Bekari mbili za Kariobangi zinaweza kwenda pamoja kwa kaunti kudai taa za barabarani. Zikikaa pamoja kupanga bei ya mkate, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani.

20. Mimi nina kibanda cha mboga tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, tena una washikadau wengi kuliko unavyodhani: mkulima au dalali anayekukopesha sukuma, wateja wanaokula kwa daftari la madeni, wenzako wa chama, mwenye duka unayemzibia kivuko, watoto wanaosoma kwa kibanda hicho. Huhitaji jedwali. Zungumza na kila mmoja ukiwa hujakwama, umuulize anategemea nini kwako na nini kingemfanya aondoke. Majibu yatakushangaza. Mama mboga mmoja niliyemsaidia kuandika hesabu alidhani wateja wake wanataka bei ishuke. Walichotaka ni sukuma iliyokatwa tayari saa moja jioni, wanaposhuka kwenye matatu wamechoka.

21. Nikihamisha biashara hadi mtaa mwingine, nina deni lolote kwa wanaobaki?

Kwa wenye mikataba, ndiyo: ilani kwa mwenye jengo, malipo ya wasambazaji, leseni mpya, na kwa wafanyakazi ambao nafasi zao zitaondolewa, haki za swali la 6. Ukihama kutoka Kariobangi kwenda Ruiru utakuwa umetoka kaunti ya Nairobi na kuingia Kiambu, kwa hiyo leseni ya zamani haitakufaa.

Kwa mama wa chai sheria haikudai chochote. Nenda kamwambie wewe mwenyewe, mwezi mmoja kabla, si siku lori likiwa limeshapakia tanuri. Kwa mwezi huo ataweza kutafuta kona nyingine, na kukusanya madeni ya chai ambayo wafanyakazi wako bado hawajamlipa.